Meji na mpiganaji meza moja: jinsi ya kuendesha gemu bila mwenye upanga kugeuka mshika taa

Hii nawaandikia wanaoendesha gemu za hadithi za mezani, zile za dadu, karatasi na penseli ambapo mmoja anaendesha hadithi na kila mwingine anacheza karakta (mhusika) wake, D&D (Dungeons & Dragons) na ndugu zake, na wameshafika pale ambapo karakta wa uchawi, yaani meji, anamaliza kila kitu, halafu yule mwenye upanga kazi yake imebaki kutembea nyuma na kubeba mizigo. Nimekaa kwenye hiyo shida karibu mwaka mzima, nimejaribu dawa nyingi, zingine ziliharibu zaidi, na hizi hapa ndo zilizofanya kazi.

Meza yetu iko hapa Arua, Uganda. Tuko watano: Walugbara wawili, Mnubi mmoja, kaka mmoja aliyetoka Bunia, na mimi, kwa hiyo lugha ya meza ni Kiswahili maana ndo hiyo tunayokutana nayo wote. Kaka wa Bunia ni fundi wa pikipiki na ndiye anacheza mpiganaji. Dada mmoja muuguzi anacheza meji. Tulipofika levo 5 (ngazi ya tano ya karakta) mambo yakageuka ghafla, yaani Jumamosi moja tu. Majambazi sita wakatokea porini, meji akawa wa kwanza kwenye zamu, akarusha mpira wa moto, wote sita wakaanguka kabla fundi hajashika dadu. Kisha meji akasema tulale nirudishe nguvu zangu, wakalala. Vita ya pili hivyo hivyo, wakalala tena. Vita ya tatu fundi alitoa simu akaanza kuangalia bei za cheni na sproketi, na nilipoiona ile simu nikajua hii ni kazi yangu mimi mwendesha gemu, si kosa la fundi wala la muuguzi.

Neno moja kabla hatujaanza. Sisi mezani tunasema "meji", hatusemi "mchawi", kwa sababu mama mwenye nyumba aliwahi kupita dirishani akasikia watu wanashangilia "mchawi ameua kumi!" na ilibidi tumkaribishe ndani, tumpe chai na kumuonyesha karatasi zote mpaka akatulia. Mchawi kwetu si neno la mchezo. Chagueni jina lenu mapema, mtaishi vizuri na majirani.

Hatua ya 1: piga hesabu ya siku nzima, usipige ya raundi moja

Watu wengi wanaangalia mpira wa moto, wanaona namba kubwa, wanakimbilia kuupunguza. Ngoja kwanza. Chukua kalamu.

Kwa sheria za D&D za 2014, meji wa levo 5, yule wa vitabu, ana nafasi 9 za speli (uchawi anaoupiga) kwa siku, na speli nazo zina levo zake: 4 za levo ya kwanza, 3 za levo ya pili, 2 za levo ya tatu. Mpira wa moto unakula nafasi ya levo ya tatu. Unarusha dadu 8 za pande sita, wastani 28 za dameji (maumivu anayopata adui), na kila aliye ndani ya futi 20 kutoka pale ulipolipukia anaungua, akifaulu kukwepa anakula nusu. Mpiganaji wa levo hiyo hiyo mwenye upanga mkubwa anapiga mara mbili kwa zamu, kila pigo wastani 11, na tuseme mapigo yake yanaingia asilimia 65, hapo unapata kama 14 kwa raundi, yaani kila mtu akishapata zamu moja.

Sasa weka siku yenye vita moja tu ya raundi 4. Mpiganaji anatoa 56, ongeza ile zamu ya ziada anayoruhusiwa mara moja kabla ya kupumzika, inafika 70. Meji anarusha mipira miwili, kila mmoja unashika maadui wanne na nusu yao wanakwepa, hiyo ni 168, raundi mbili zilizobaki anatupa kijimoto cha bure, speli ndogo isiyokula nafasi, ambacho ni kama 7 kila raundi, jumla 182. Sabini kwa mia na themanini na mbili! Fundi alikuwa na haki ya kutoa simu.

Halafu weka siku yenye vita sita za raundi nne nne na mapumziko mafupi mawili, ya saa moja moja, katikati. Mpiganaji: raundi 24 mara 14 ni 336, na zamu ya ziada anairudisha kila pumziko fupi kwa hiyo anaipata mara tatu, jumla 378. Meji: mipira miwili, na mmoja zaidi kwa ule uwezo wake wa kurudisha nguvu kidogo kwenye pumziko fupi, hiyo 252, raundi 21 zilizobaki anatupa kijimoto, 147, jumla 399. Wamekaribiana kabisa, na hujagusa sheria hata moja. Tena meji hapo nafasi zake ndogo anazitumia kujikinga asife, wakati mpiganaji amevaa chuma na bado ana damu ya kutosha.

Kwa hiyo tatizo kubwa haliko kwenye speli. Liko kwenye siku. Kitabu cha waendesha gemu cha 2014 chenyewe kilipangwa kwa siku ya mapambano 6 mpaka 8 ya wastani au magumu na mapumziko mafupi kama mawili, na meza nyingi ninazozijua zinacheza pambano moja au mawili kwa siku halafu watu wanalala. Ukicheza hivyo umempa meji mshahara wa mwezi atumie kwa siku moja.

Hatua ya 2: funga usingizi

Hii ndo hatua yenyewe. Ukifanya hii peke yake ukaacha zote zingine utaona tofauti.

Sheria iko tayari: pumziko refu ni saa 8, na huwezi kufaidika nalo zaidi ya mara moja ndani ya saa 24. Wengi tunaisahau. Kama kundi limeamka saa mbili asubuhi, limepigana saa tatu, meji anasema tulale, mwambie sawa, lakini nguvu hazirudi mpaka usiku upite, sasa ni saa tatu asubuhi, mchana kutwa mnafanya nini na adui anafanya nini? Swali hilo liulize kwa upole na umaanishe. Usimlazimishe mtu, acha dunia iendelee kutembea.

Mimi natumia saa inayoonekana. Kwenye karatasi nachora duara lenye vipande sita, kila wakipoteza muda natia rangi kipande kimoja, wote wanaona. Mfano: kundi linatakiwa kuvuka Nile pale Pakwach kabla watu wa mfalme hawajafunga daraja jioni. Kuna kituo cha ushuru, kuna mamba kwenye matete, kuna mpelelezi sokoni, kuna majambazi njiani, na mwisho kabisa kuna jitu lenyewe linalolinda daraja. Hapo ni mapambano matano na hakuna mahali pa kulala saa 8. Saa moja ya kupumzika kwa mama muuza chai inawezekana, na hiyo saa moja ndo inamrudishia mpiganaji vitu vyake vingi. Meji anaanza kufikiri kila speli, niitumie hapa au nibaki nayo ya jitu? Hapo ndo gemu inapokuwa tamu kwake pia, muuguzi wetu alisema ile Jumamosi ya daraja ndo mara ya kwanza aliogopa.

Kama hadithi yako ni ya polepole, safari ndefu, siasa, pambano moja kwa wiki, basi usijilazimishe kubana sita kwenye siku moja, itaonekana ya uongo. Badilisha urefu wa kupumzika. Kitabu cha 2014 kina chaguo ambapo pumziko fupi ni saa 8 na pumziko refu ni siku 7. Safari ya kutoka Arua mpaka Kasese kwa miguu unaihesabu kama "siku" moja ya gemu. Sisi tunacheza hivi sa hii na sijawahi kurudi nyuma.

Kuna speli moja ya kibanda, levo ya tatu, meji anaiimba taratibu bila hata kutumia nafasi na kundi linalala ndani saa 8 bila mtu wa nje kuingia. Usiikataze. Lakini maadui wenye akili wakikuta kibanda hicho katikati ya njia yao hawatakaa wanakitazama tu, wataita wenzao, watazunguka, watachimba mitaro, watahamisha mateka. Fanya hivyo mara moja tu, wataelewa.

Hatua ya 3: weka maharage mezani

Hii ni ndogo ila naipenda kuliko zote. Kila sesheni meji anapewa maharage: meupe manne, mekundu matatu, meusi mawili, harage moja kwa kila nafasi ya speli. Kila akipiga speli analirudisha harage kwenye kikombe changu, na linagonga. Zamani alikuwa anafuta na penseli, mara anasahau, mara anafuta mara mbili, hakuna aliyekuwa anajua zimebaki ngapi. Sasa meza nzima inaona. Mpiganaji anaona meji amebaki na harage moja jeusi, anasema acha hawa watatu niwashike mimi, wewe tunza hilo. Mpaka ukae uone ule mkono wa muuguzi unavyosimama juu ya harage la mwisho, unarudi, unasimama tena, na fundi anamwambia "bado, bado, nipe raundi moja". Hakuna sheria ya kitabu iliyowahi kunipa hiyo.

Hatua ya 4: soma speli kama ilivyoandikwa

Nusu ya malalamiko kwamba meji amezidi yanatoka kwa speli ambazo hatukuzisoma mpaka mwisho. Vitu vitatu vya kuangalia.

Kwanza, ile ya kushikilia akili. Speli nyingi kali, kuruka, kutoonekana, kupooza watu, zinahitaji meji akazie akili, na anaweza kushikilia moja tu kwa wakati. Akipigwa anarusha dadu afikishe 10 au nusu ya maumivu aliyopata, ile iliyo kubwa, akishindwa speli inakatika. Kwa hiyo mpiganaji anayesimama mbele ya meji anafanya kazi kubwa sana, ila lazima ufanye kazi hiyo ionekane: maadui wapige mishale kwa meji kweli, na mpiganaji awe na njia ya kuwazuia.

Pili, kelele. Speli nyingi zinatamkwa, kwa sauti, na mikono inachezeshwa. Huwezi kumroga mfanyabiashara katikati ya soko watu wakakaa kimya, jamani, hapa kwetu mtu akianza kunuizia maneno ya ajabu mbele ya duka la mtu unajua nini kitafuata. Ile speli ya kufungua milango inatoa mlio unaosikika futi 300. Mlango umefunguka ndiyo, na walinzi wote wameamka. Karakta mwizi mwenye vifaa vyake anafungua polepole bila mtu kujua, na hapo ghafla mwizi ana kazi tena.

Tatu, kutoonekana kunaisha ukishambulia au ukipiga speli nyingine. Hii tuliikosea miezi mitatu.

Hatua ya 5: tawanya maadui

Fupi tu: usiwapange maadui kumi kwenye duara la futi 40 kama wanasubiri picha. Waje kwa mafungu, wawili kutoka juu ya paa, watatu raundi ya pili, mmoja amemshika mateka ili moto usirushwe ovyo. Halafu mara moja moja, makusudi kabisa, wapange kumi pamoja, meji naye apate siku yake. Usifanye kila adui awe na kinga ya moto, mchezaji alichagua moto kwa sababu anaupenda.

Hatua ya 6: mpe mpiganaji nguvu nje ya vita

Hapa ndo watu wengi hawafiki. Hata ukisawazisha vita vyote, bado meji anaruka, anapita ukutani, anasoma mawazo, anaongea na mtu aliye mbali, na mpiganaji nje ya vita ana nini? Ana misuli. Kukiwa na shida isiyo ya kupigana, mwenye upanga anakaa kimya saa nzima, na hiyo inaumiza kuliko namba za dameji.

D&D za zamani zilikuwa na jibu zuri kwa hili. Kwenye toleo la mwishoni mwa miaka ya 1970, meji alianza na speli moja tu kwa siku na dadu ya pande nne ya uhai, alikuwa anakufa kwa paka, na mpiganaji akifika levo 9 na kujenga ngome anakuwa bwana mwenye ardhi na askari wake. Meji alipata speli, mpiganaji alipata watu. Baadaye ile sehemu ya watu ikapotea na speli zikabaki. (Ule mpango wa meji kuanza dhaifu na kumaliza mkubwa mimi siupendi, kwa sababu meza zetu haziishi muda mrefu hivyo, mtu anapata kazi Kampala au Juba, gemu inakatika levo 7, na kila mmoja amekaa tu kungoja zamu yake.)

Kwa hiyo rudisha watu. Mimi nilifanya hivi: baada ya vita ya daraja nilimpa fundi cheo. Kwenye ufalme wa hadithi yetu nimeazima mfano wa masaza (majimbo) ya Buganda, kila saza na mkuu wake mwenye jina la cheo, kama Mukwenda wa Singo au Pokino wa Buddu, nikatunga saza letu na cheo chetu. Fundi akawa mkuu wa saza. Ana askari 40, ana wazee wanaomletea kesi, ana haki ya kukaa barazani mbele ya mfalme bila kuitwa. Meji anaweza kupaa juu ya ukuta wa ikulu, lakini mpiganaji anapita getini na walinzi wanasimama wima. Hizo ni nguvu mbili tofauti na zote zinafungua mlango.

Levo za chini bado unaweza. Mpe mpiganaji ndugu kila mji, mtu aliyepigana naye vita ya zamani. Mpe jicho la vita: akiingia chumbani, bila kurusha dadu, mwambie nani hapa anajua kupigana, nani ameficha kisu, wapi pa kutokea. Wenye uzoefu wanajua hayo kwa kuangalia. Akitaka kubeba mlango wa chuma kama ngao, sema ndiyo. Meji anaruhusiwa kuvunja sheria za dunia kila siku, na mwenye nguvu akitaka kuruka mtaro wa futi 20 tunamtolea vipimo vya hospitali! Karakta wa levo 9 ni shujaa wa kusimuliwa motoni, mwache aruke.

Hatua ya 7: mpe zamu yake zaidi ya "napiga"

D&D ya 2024 imeongeza ufundi wa silaha: nyundo ya vita inamsukuma adui futi 10, shoka la vita linaweza kumwangusha, mkuki unamharibia adui pigo lake linalofuata. Hata kama mnacheza ya 2014, azima hiyo tu, haivunji kitu. Nyundo ya kusukuma na mpira wa moto ni marafiki wakubwa, mpiganaji anawasukumia pamoja, meji anawasha.

Kama meza iko tayari kuhama, Pathfinder toleo la pili la 2019 linampa kila mtu vitendo vitatu kwa zamu na speli nyingi zinakula viwili, kwa hiyo meji akipiga speli amebaki na kimoja, wakati mpiganaji anasogea, anapiga, anainua ngao. Sheria zake zinasomwa bure mtandaoni, na ukizingatia bei ya vitabu mpaka vifike hapa, hilo si jambo dogo. Zile za msingi za D&D ya 2014 pia zilitolewa kwa leseni huru Januari 2023, unaweza kuchapisha kwenye duka la fotokopi bila wasiwasi.

Hatua ya 8: ukitaka kubadilisha sheria, ongea kwanza

Kabla sijajua haya yote, Jumamosi moja katikati ya vita nilitangaza kwamba kuanzia leo mpira wa moto ni dadu 5 badala ya 8. Muuguzi hakubishana. Aliweka penseli chini na wiki iliyofuata hakuja. Ilibidi nimpigie, nikamwomba radhi, nikamrudishia dadu zake zote 8, maana alikuwa sahihi, alipanda mpaka levo 5 akisubiri hiyo speli, na mimi nikaikata bila kumuuliza. Tangu hapo mabadiliko yoyote yanaongelewa kabla dadu hazijatoka, na kama yanapunguza kitu cha mtu, mtu huyo ana haki ya kubadilisha karakta wake bure.

Hatua ya 9: hesabu

Daftari dogo, majina ya karakta, na kila shida ikitatuliwa, vita au mlango au mazungumzo, naweka alama kwa aliyeitatua. Inachukua sekunde mbili. Mwisho wa jioni naangalia. Wiki jana meji alikuwa na 4, mpiganaji 4, kuhani 3, mwizi 1. Kwa hiyo Jumamosi hii sesheni inaanzia juu ya paa la ghala, usiku, kuna kufuli tatu na mbwa mmoja aliyelala, na yeyote atakayepiga speli kwa sauti atamwamsha.